Herufi W Imekula Ndoa ya Bijou

Leo nimejivua nguo mwenyewe, mchana kweupe, kwa herufi moja. Herufi yenyewe ni W. Mimi, Fiston wa mtaa wa Panda, hapa Likasi, mwenye diploma ya sekondari niliyoipata kwa alama za kuponea mlangoni, nimemalizwa na W.

Msinipigie simu, sitapokea. Naandika haya nikiwa chumbani, mlango nimefunga, pazia nimeshusha, na nina mpango wa kukaa humu mpaka mtaa mzima uhame.

Kwa wasionijua: mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika barabara kubwa watu huuliza kama kuna msiba. Nyumba zetu ni zile za kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, zimebanana kama meno. Jirani akikohoa, mimi huku nasema pole. Nina kompyuta moja ambayo betri yake ilikufa siku nyingi, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Simu za majirani zikijaa picha, huniletea kadi zao za kumbukumbu, nami nazihifadhia ndani ya mashini yangu, kila familia na dosye lake, yaani folda yake. Sitozi kitu. Huletewa sahani ya bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, na heshima kidogo. (Heshima ndiyo niliyokuwa naipenda zaidi. Nasema nilikuwa.)

Kazi hii zamani niliifanya kwa mkono, picha moja moja. Halafu binamu yangu Hervé, anayetengeneza kompyuta Lubumbashi, akanifundisha kuandika skripti. Ni karatasi ya amri tu: mashini inazisoma kutoka juu hadi chini na kutii. Unaiambia, chukua kila picha iliyomo kwenye kadi, ihamishie dosye fulani. Wewe unakunywa chai. Tangu siku hiyo sikuvumilika. Nilianza kusema neno «skripti» hata kwa muuza mkaa.

Basi. Leo saa mbili asubuhi akaja Mama Ntumba, jirani wa ukuta kwa ukuta, kadi ya simu yake ameifunga kwenye ncha ya kitenge kama dawa.

Jumamosi alimwoza binti yake, Bijou. Mimi sikuhudhuria. Nilikuwa na malaria. (Malaria hiyo tutaizungumza mbele huko. Iacheni kwanza.) Jumapili Bijou akaondoka na mumewe kwenda Kakanda, na shela, ambayo ilikuwa ya kukodi, ikarudishwa mjini jioni ileile. Yaani sherehe imekwisha kabisa, hakuna cha kurudia.

Lakini aliyebaki ni Kaku. Ndivyo wanavyomwita bibi yao, mama mzazi wa Mama Ntumba. Alirudi Kasai miaka mingi iliyopita, Bijou akiwa bado tumboni. Bibi na mjukuu walijuana kwa sauti ya simu tu. Kaku amekaa siku kadhaa ndani ya treni ili amwone huyo mtoto akiolewa, na Jumamosi wamepiga picha pamoja, Bijou amepiga magoti, Kaku amemshika kichwa. Mama Ntumba ndiye aliyenisimulia picha hiyo, akaisimulia mara mbili, na mara ya pili sauti yake ikawa nyembamba. Simu ya bwana harusi iliharibika asubuhi ya harusi, kwa hiyo picha zote zilipigwa kwa simu ya Mama Ntumba. Mia mbili na kumi na nne. Hazipo mahali pengine popote duniani.

Na Kaku anarudi leo. Macho yanamwishia, miguu ndiyo hiyo, na mwenyewe ameshasema kwamba safari nyingine hatafika. Kabla ya kwenda kupanda gari la moshi alitaka vitu viwili: azione picha kwenye televisheni kubwa ya sebuleni, na ile moja, ya yeye na Bijou, Papa Shabani ampitishie kwa mpiga picha wa pale mjini iprintiwe, aibebe mkononi. Papa Shabani ni dereva wa mtaa wetu, ndiye angempeleka stesheni.

Mama Ntumba akaniwekea kadi kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mkono wake.

«Fiston, iyi iko na ndowa yote ya Bijou. Iko moja tu. Unaisikia?»

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nina skripti.

Akauliza kama skripti inauma. Nikacheka. (Inauma, mama. Inauma sana.)

Nikaanza kazi. Kwanza nikatengeneza dosye jipya, taratibu, kwa kipanya. Jina nikaliandika kwa uzuri wote niliofundishwa shuleni, kama lilivyokuwa kwenye kadi ya mwaliko ambayo ingali imechomekwa kwenye kioo changu: Ndoa. N, D, O, A. Kiswahili cha kitabu.

Kisha nikafungua skripti nibadilishe mahali pa kupeleka picha. Hapo redio ilikuwa inaimba, chai iko karibu, mkono ukaandika wenyewe, na mkono wa mtu wa Likasi hauandiki kama kitabu, unaandika kama mdomo. Nikaandika: Ndowa.

Someni tena, polepole. Dosye linaitwa Ndoa. Skripti inapeleka Ndowa. Kwetu ukiyasema hayo mawili kwa sauti ni neno moja, na hakuna mtu Panda nzima angekusahihisha. Mashini haikuzaliwa Panda.

Nikabonyeza. Mashini ikakataa. Mashini yangu inaongea Kifaransa, na ilinijibu kwa adabu kabisa, mara mia mbili na kumi na nne, mstari chini ya mstari, kwamba haiwezi kuhamisha picha kwenda «Ndowa/» kwa sababu «n'est pas un dossier». Si dosye. Hakuna dosye la jina hilo. Mtu angeniandikia barua yenye muhuri asingekuwa wazi zaidi ya hapo.

Mimi nikasoma nini? Nikasoma kwamba mashini imenuna.

Nikaanza kutafuta kosa, na hapa ndipo ujinga wangu ulipovaa tai. Nikatoa kadi nikairudisha. Nikaipuliza. Nikazima mashini nikaiwasha. Nikatazama jina «Ndowa» pale kwenye skripti, nikalisoma kwa sauti, likasikika sawasawa. Nikatazama jina «Ndoa» kwenye dosye, nikalisoma kwa sauti, likasikika sawasawa. Nikasema, majina yako sawa. Nimeyasikia kwa masikio yangu mwenyewe!

Basi kosa liko wapi? Macho yakaangukia kile kijiti kilichoinama, mwishoni mwa jina. Kile «/». Nikaona, huyu ndiye mchawi. Mashini inalalamika juu ya «Ndowa/», si ndiyo? Na mimi dosye langu halina kijiti. Nikakifuta. Nikabonyeza tena.

Kimya.

Hakuna malalamiko hata mstari mmoja. Taa ya kadi ikachezacheza, ikachezacheza, ikatulia. Nikafungua kadi: tupu kabisa, imefagiwa. Picha zote zimehama. Nilisimama, ndugu zangu. Nilisimama peke yangu chumbani nikajipigia makofi mawili.

(Kwa wale mnaojua mambo haya, najua mmeshashika vichwa. Vishikeni vizuri, bado.)

Je, nilifungua dosye kuangalia kama picha zimefika? Sikufungua. Mpishi anayeonja chakula chake hadharani anajitilia shaka, ndivyo nilivyojiona. Badala yake nikawaza jambo la ukarimu. Mama Ntumba anapenda kwaya. Kadi yake sasa iko tupu. Kwa nini nisimjazie? Nikaijaza nyimbo za kwaya mpaka ikashiba, haikubaki nafasi ya kuweka hata picha ya mende. Saa sita akapita kuichukua, nikamwambia kuna zawadi yake ndani. Akaniombea baraka. Aliomba kwa kirefu, akiwa amefumba macho, na mimi nikaitikia amina.

Saa nane nikaoga, nikavaa shati la kola, nikabeba kompyuta kifuani kama mtoto wa kubatizwa, nikatoka nje. Ndiyo, nilitoka. Mama mmoja wa ng'ambo aliyekuwa anaanika nguo akaniuliza kama nyumba yangu inaungua.

Sebule ya Mama Ntumba ilikuwa imejaa. Shangazi za Bijou, watu wa kwaya, Papa Shabani amekaa karibu na mlango na funguo za gari mkononi. Kaku alikuwa amewekwa kwenye kiti cha mbele kabisa, karibu na televisheni, kwa ajili ya macho yake, mizigo yake iko pembeni imefungwa kamba. Mwili mdogo, kitambaa cheupe kichwani, bangili nzito ya shaba kwenye mkono wa kulia. Aliponisalimia alinishika mkono akanitazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Nikadhani ni macho.

Mama Ntumba akawatangazia watu kwamba mashini ya Fiston inahamisha harusi nzima ndani ya dakika moja. Nikasahihisha kwa unyenyekevu. Nikasema, sekunde ishirini.

Nikaunganisha waya. Kioo chote cha mashini yangu kikatokea kwenye televisheni, kikubwa, kila mtu anaona ninachobonyeza. Nikasogeza mshale hadi kwenye dosye la Ndoa. Nikafungua.

Jeupe.

Hakuna kitu. Dosye jeupe kama ile shela iliyorudishwa.

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha daktari. Nikasema, mashini inafikiri. Nikafunga, nikafungua. Jeupe. Shangazi mmoja akauliza kama hiyo ndiyo picha ya kwanza. Nikasema hapana, mama, hiyo ni… subirini. Jasho likaanza kutoka sehemu ambazo sikujua kwamba hutoa jasho.

Nikarudi nyuma, kwenye dosye kubwa ambamo madosye yote ya majirani yamepangwa. Na hapo, chini kabisa, nikaliona. Faili moja. Si dosye. Faili moja pweke, jina lake: Ndowa. Ukubwa wake, ukubwa wa picha moja.

Nikaweka Ndoa na Ndowa jicho kwa jicho. Mara hii sikuyasoma kwa sauti.

Nikamwomba Mama Ntumba ruhusa ya kupiga simu, na kwa sababu miguu ilikataa kunitoa nje, nikapiga palepale, mbele ya watu wote. Hervé akapokea huku anatafuna. Nikamweleza kwa sauti ya chini. Sebule nzima ikanyamaza ili inisaidie kunong'ona.

Hervé akaacha kutafuna. Akaniuliza kijiti kilikuwepo? Nikasema nilikifuta. Akashusha pumzi ndefu. Akanieleza kilichotokea, na mimi nawaeleza ninyi kama alivyonieleza. Kile kijiti ndicho kilikuwa kinaiambia mashini: hapa ni ndani ya chumba, kama chumba hakipo, simama. Nilipokifuta, mashini ikaelewa kwamba Ndowa si chumba bali ni jina. Ikachukua picha ya kwanza, ikaibatiza Ndowa. Ikachukua ya pili, nayo ikaibatiza Ndowa, na kwa kuwa wawili hawawezi kukaa na jina moja mahali pamoja, ikamfuta wa kwanza. Ya tatu ikamfuta wa pili. Hivyo hivyo, mia mbili na kumi na tatu zimefutwa, kila moja na mwenzake aliyemfuata mgongoni. Imebaki ya mwisho tu.

Nikamuuliza kuhusu kadi. Nikasikia matumaini katika sauti yake.

«Ndani ya kadi mule, zinaweza kurudi bado. Hauandike kitu juu yake, unaisikia? Uliandika?»

Nikamtazama Mama Ntumba. Alikuwa ameishika simu yake, na ile kadi imo ndani, na nyimbo zangu zimo ndani ya kadi.

Nikasema nimeijaza kwaya.

Hervé hakucheka. Angecheka ningejua kuna njia. Akasema nizime mashini, nimpelekee siku moja, atachimba ndani ya diski yenyewe, pengine atapata vipande, nusu uso hapa, kipande cha keki pale, ila haahidi kitu. Nikauliza leo je. Akasema leo nenda ukaombe msamaha.

Nikaweka simu chini. Nikaeleza. Sijui nilivyoeleza, najua nilisema «herufi W» mara nyingi mno kwa mtu mzima. Watu wa kwaya wakatazama sakafu. Shangazi mmoja akaanza kulia kwa sauti ya kilio cha kweli, kile cha msibani, na sikuona cha kumkanya. Mama Ntumba ndiye aliyeniumiza zaidi. Aliondoa mkono wake begani kwangu, ambapo hata sikujua alikuwa ameuweka.

Kaku akauliza, kwa Kiluba, ni nini kimetokea. Bintiye akamwinamia akamweleza sikioni. Kaku akatikisa kichwa polepole. Kisha akauliza kitu kingine, kifupi, na Mama Ntumba akanitafsiria bila kunitazama: anauliza kama hiyo moja iliyobaki ni ile yake na Bijou.

Jamani. Kulikuwa na nafasi moja katika mia mbili na kumi na nne. Mimi si mtu wa kusali sana lakini nilisali pale. Nikasema, Mungu, nipe hiyo moja, sitaandika tena hata jina langu. Nikabonyeza lile faili.

Picha ikafunguka, ikajaza televisheni nzima, ukuta hadi ukuta.

Haikuwa Bijou.

Sasa turudi kwenye ile malaria. Jumamosi sikuwa na malaria. Nilikuwa na uvivu. Kuvaa suti, kukaa kwenye kiti cha plastiki kwa muda wa saa tano, kusalimia watu mia tatu, mwili wangu ulikataa, kwa hiyo asubuhi nilituma ujumbe kwamba nimelala na homa, siwezi hata kuinua shingo. Mama Ntumba, katikati ya harusi ya mwanawe, alinipigia kunipa pole. Lakini alasiri harufu ya kuku ilipita juu ya ukuta, na mimi ni binadamu. Nilipita uani, upande wa nyuma, kwenye masufuria, ambako hakuna anayenijua, wako wapishi walioletwa tu. Dakika tano tu. Sikujua kwamba mtu amezunguka huko na simu ya Mama Ntumba kupiga picha za wapishi, picha ya mwisho ya siku.

Ni mimi. Nimevaa kaptula na ndala. Mdomo umejaa hadi mashavu yamekuwa mawili kila upande. Mkono mmoja una paja la kuku, na mwingine umenyoosha sahani, naongezwa. Shingo yangu imeinuka vizuri sana.

Yule shangazi aliacha kulia. Papa Shabani, pale mlangoni, akaziangusha funguo, akainama kuziokota na akakaa huko chini muda mrefu kuliko funguo zinavyohitaji.

Kaku akanyanyuka. Akaisogelea televisheni mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Pembeni ya picha, upande wa kushoto, unaonekana mkono wa mtu aliyesimama nje ya picha, anayenipakulia. Mkono tu, kuanzia kiwiko. Mkono wenye bangili nzito ya shaba. Akaweka kidole chake juu yake.

«Ile mukono ni yangu,» akasema, kwa Kiswahili alichokiacha huku zamani.

Akanigeukia, na safari hii alikumbuka. Bintiye akatafsiri tena, sauti kavu: Jumamosi alidhani mimi ni mmoja wa wapishi, akanionea huruma kwa sababu nilikuwa nakula kama mtu ambaye hana mama.

Papa Shabani akasema treni haitasubiri. Nikawaza Kaku ataondoka mikono mitupu. Lakini mwenyewe akasema hiyo hiyo iprintiwe. Harusi ya mjukuu wake alikuwepo, na ushahidi ni huo mkono; akifika Kasai atawaambia watu kwamba Bijou yuko upande huu wa kushoto, nyuma ya mkono, haonekani tu. Papa Shabani akaichukua picha kwenye simu yake. Kwa hiyo sasa hivi ninavyoandika, mimi nasafiri kwenda Kasai, kwenye karatasi, nimevaa kaptula, na nitatundikwa ukutani mwa nyumba ya watu ambao hawanijui, mahali palipokuwa pa bibi harusi aliyepiga magoti.

Nilimsindikiza Kaku hadi garini, nikambebea mzigo mmoja. Alinipapasa shavu. Ningependa angenizaba kofi.

Gari lilipokata kona, tulibaki wawili pale mbele ya nyumba, mimi na Mama Ntumba. Nikasema, mama, nisamehe. Nikasema nitapeleka mashini Lubumbashi, nitaenda mwenyewe, kwa miguu ikibidi. Alikuwa anaitazama barabara. Nikarudi sebuleni, nikakunja waya wangu, nikaubana kwapani pamoja na mashini, nikatoka, nikaanza kuondoka kuelekea mlango wangu, hatua kumi na mbili, nazijua. Nilikuwa nimefika ya tisa.

«Fiston,» akaniita. Nikageuka. Akanitazama juu hadi chini, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa.

«Kumbe malaria yako inakulaka kuku.»